Chuma Kilekile, Siku Saba

Ratiba yenyewe haina mafumbo. Kuchuchumaa chuma kikiwa mabegani, kulala benchi na kusukuma, kuvuta chuma kuelekea tumboni, kusukuma juu ya kichwa, kuinua kutoka sakafuni, kisha kumalizia na tumbo. Mazoezi sita, seti tatu kila moja, mara kumi kumi. Asiyepiga soga kati ya seti anamaliza kwa dakika 45 hivi. Kesho yake hivyo hivyo, na Jumapili hivyo hivyo. Kwa wiki ni seti 126, na mtu hajajisumbua hata mara moja kuuliza leo ni zamu ya mguu au ya kifua.

Wanaoipenda ratiba hii wana hoja. Haihitaji kocha wala ada, haitaki kukumbuka chochote, na anayeamka akijua atakachofanya ana udhuru mchache wa kurudi kitandani. Wanaoipinga wanasema misuli hujengeka mtu akiwa amepumzika, kwa hiyo anayepiga tizi la mwili mzima kila siku anabomoa leo alichojenga jana. Ubishi huu hauishi kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyochanganywa. Je, inafaa kuufanyia kazi mwili mzima kwa siku moja? Je, inafaa kila siku? Na je, inafaa kurudia uzito uleule na idadi ileile miezi nenda miezi rudi? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili ni ndiyo kwa masharti. La tatu ndilo linalowanyima wengi matunda ya jasho lao, na ndilo lisilozungumzwa.

La kwanza halihitaji maneno mengi. Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg mwaka 1867 na mtunisha misuli wa kwanza kujulikana dunia nzima, aliwauzia watu mfumo wa dambeli nyepesi za kufanya kila siku, mwili wote. Nyota wa miaka ya 1940 na 1950, kina Steve Reeves na Reg Park, walijenga miili yao kwa mazoezi ya mwili mzima mara tatu kwa wiki. Desturi ya kugawa viungo kwa siku, leo kifua na kesho mgongo, ilishika kasi katika kizazi cha Arnold Schwarzenegger, wakati ambapo dawa za kukuza misuli zilikuwa zimeshaingia kwenye mchezo huo. Desturi hiyo ndiyo iliyofika kwenye magazeti ya misuli, kisha kwenye simu za vijana, mpaka ikaonekana kama sheria ya maumbile.

Swali la pili ndilo lenye nyama.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walipima kasi ya msuli wa mkono kujenga protini baada ya kikao kimoja kizito. Saa 4 baadaye kasi ilikuwa imepanda kwa asilimia 50. Saa 24 baadaye ilikuwa juu kwa asilimia 109, yaani zaidi ya maradufu. Ilipofika saa 36 ilikuwa imekaribia kurudi ilikoanzia. Kipimo cha mwaka 1997 kwa watu wasiozoea vyuma kilikuta ujenzi bado uko juu kwa asilimia 34 hata baada ya saa 48. Matokeo ya namna hii yanaendana na kanuni inayotajwa kila mahali, ya kuupa msuli saa 48 kabla ya kuurudia.

Lakini takwimu hizo zinaweza kusomwa kwa namna nyingine. Aliyezoea, ambaye ujenzi wake huisha mapema, anaweza kurudi mapema. Anayeanza ndiye anayehitaji subira. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia vijana kwa wiki 10 na kukuta kwamba katika wiki ya kwanza mwili hujenga protini kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, ila sehemu kubwa ya protini hiyo huenda kwenye ukarabati wa misuli iliyoumia. Ujenzi unaoendana na ukuaji halisi ulionekana baada ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo kijana anayeanza Januari kwa ari, akapiga mwili mzima siku saba mfululizo, anatumia akiba ya mwili kulipia uharibifu anaouongeza kila asubuhi.

Kisha maumivu hupotea. Hapa wengi hudanganyika. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi mapya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, lakini msuli ulioumia mara moja hujikinga: kikao kilekile kikirudiwa siku chache au wiki kadhaa baadaye huuma kidogo sana. Anayefanya ratiba ileile kila siku huacha kusikia maumivu haraka kuliko mtu yeyote, na huchukua ukimya huo kama hati ya afya. Kumbe msuli umenyamaza, na kiungo kingine kinadai chake polepole.

Kiungo hicho ni kano, zile kamba ngumu zinazouunga msuli na mfupa. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia njia ya ajabu kupima umri wa kano ya kisigino. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliijaza anga kaboni yenye mionzi, nayo ikaingia katika chakula na miili ya watu wa wakati huo. Kwa kupima kaboni hiyo, watafiti waliweza kujua tishu ilitengenezwa lini. Waligundua kwamba kiini cha kano hiyo hutengenezwa katika miaka 17 ya kwanza ya maisha, kisha hakifanywi upya kwa kiasi chochote cha maana. Mtu wa miaka 50 anatembelea kiini cha kano alichokuwa nacho shuleni.

Haina maana kwamba kano haijibu mazoezi. Inajibu, ila kwa ratiba yake. Baada ya mzigo mzito, kolajeni, protini inayoijenga kano, huvunjwa na kujengwa kwa pamoja, na katika siku ya kwanza hadi siku moja na nusu uvunjaji huuzidi ujenzi. Anayerudia zoezi lilelile, kwa pembe ileile na uzito mkubwa, kabla muda huo haujaisha anaiweka kano kwenye deni. Ndiyo maana malalamiko ya watu wa siku saba hufanana: bega upande wa mbele, kiwiko, chini ya kifuniko cha goti. Huanza kama ukakasi unaotoka mwili ukipata joto, mtu anasema ni kitu kidogo, na miezi kadhaa baadaye hawezi kunyoosha mkono kuchukua sahani kabatini.

Basi kila siku ni kosa? Hapana. Utafiti wa pamoja wa wataalamu wa Japani na wa Chuo Kikuu cha Edith Cowan nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2022, uligawa watu katika makundi matatu kwa wiki nne. Zoezi lilikuwa moja, la msuli wa mbele wa mkono. Kundi la kwanza lilifanya mikazo 6 kwa siku, siku tano kwa wiki. La pili lilifanya mikazo yote 30 kwa siku moja. La tatu lilifanya mikazo 6 mara moja tu kwa wiki. Kundi la tatu halikupata kitu. La pili lilinenepesha msuli kidogo bila kuongeza nguvu. La kwanza lilinenepesha msuli kwa kiasi karibu sawa na la pili, na nguvu ikapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi ilikuwa ileile kwa wiki, ila iliyogawanywa ilizaa zaidi. Cha kuangalia ni ukubwa wa dozi: mikazo sita, kazi isiyofika dakika moja, na siku mbili za wiki bila kitu.

Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliofanywa na Brad Schoenfeld na wenzake mwaka 2019 ulikwenda njia hiyohiyo: jumla ya kazi ya wiki ikiwa sawa, idadi ya siku haibadilishi sana ukuaji wa misuli. Uchambuzi wao wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba seti 10 au zaidi kwa wiki kwa kila msuli huzaa kuliko chache. Hesabu ya mtu wa siku saba basi ifanyike upya. Seti tatu za kuchuchumaa kwa siku ni seti 21 kwa wiki, kabla ya kuhesabu mzigo ambao mapaja huupata katika kuinua chuma kutoka sakafuni. Kama shabaha ni seti 12 hadi 14, basi ni seti mbili kwa siku, si tatu wala nne, na kikao kizima hakizidi nusu saa. Anayesema anafanya kila siku na bado ana kikao cha saa moja na nusu amechukua dozi ya mtu wa mara tatu kwa wiki akaizidisha.

Mashabiki wa kila siku wana mfano mmoja wanaoutaja kuliko yote, na ni wa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ivan Abadzhiev alikabidhiwa timu ya taifa ya Bulgaria ya kunyanyua vitu vizito. Nchi ilikuwa ndogo na haikutarajiwa kuutikisa Umoja wa Kisovieti. Makocha wa zama zake walipanga mazoezi ya aina nyingi, wiki nyepesi zikifuatwa na nzito. Abadzhiev alifuta karibu yote. Akabakiza minyanyuo miwili ya mashindano na kuchuchumaa, akataka wanamichezo wake wafike karibu na kikomo chao kila siku, katika vikao kadhaa vifupi vyenye mapumziko kati yake. Mwaka 1972 huko Munich, Wabulgaria watatu walirudi na dhahabu ya Olimpiki.

Matunda makubwa ya mfumo huo yalivunwa na nchi nyingine. Naim Süleymanoğlu, mtoto wa jamii ya Waturuki wa Bulgaria aliyelelewa katika mfumo huo, alitoroka mwaka 1986 akiwa Melbourne na kuhamia Uturuki. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akishindana katika uzito wa kilo 60, alisimamisha kilo 190 juu ya kichwa, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Akatwaa dhahabu hapo, Barcelona na Atlanta. Yeye na Abadzhiev wote walifariki mwaka 2017.

Anayetaka kumwiga Süleymanoğlu hana budi kuhesabu vilivyokuwa nyuma ya chuma. Vijana walichaguliwa wakiwa wadogo. Kula, kulala na kukandwa misuli ndiyo ilikuwa ajira yao, mshahara ukitoka serikalini. Waliovunjika waliondoka, na historia huwataja waliobaki. Tena kulikuwa na dawa. Huko huko Seoul, Wabulgaria wawili waliotwaa dhahabu walinyang'anywa baada ya kupatikana na dawa ya kukojosha ambayo hutumika pia kuficha nyingine, na timu yote ikajiondoa. Mwaka 2015 Wabulgaria 11 walipatikana na stanozololi, dawa ya kukuza misuli, na timu ya nchi hiyo ya kunyanyua ikafungiwa kwenda Olimpiki ya Rio. Haiwezekani kutenganisha kwa uhakika kilichofanywa na ratiba na kilichofanywa na sindano. Kinachobaki imara ni funzo dogo: kunyanyua ni ustadi pia, na ustadi hunolewa kwa kurudia mara nyingi. Sehemu ya nguvu anayoipata mtu katika wiki za mwanzo hutoka kwenye neva zinazojifunza kuamrisha misuli, kabla misuli yenyewe haijanenepa.

Sasa swali la tatu, la kurudia kilekile.

Milo wa Croton, mpiganaji mieleka wa Ugiriki ya kale aliyeishi karne ya 6 kabla ya Kristo, inasimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku mpaka akawa fahali. Ni hadithi ya zoezi lilelile la kila siku, na watu huisimulia hivyo, lakini kiini chake ni kwamba mzigo ulikuwa ukiongezeka. Kama ukweli haisimami: ndama anayezaliwa na kilo 30 au 40 huweza kupita kilo 300 kabla ya miaka miwili, na hakuna mgongo unaokua kwa kasi ya ng'ombe. Kama kanuni inasimama imara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme aliwatibu askari waliodhoofika miguu kwa kuwapa mzigo na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Maandishi yake ya mwaka 1945 yaliifanya kanuni hiyo kuwa tiba.

Kwa nini basi watu wengi hawaongezi? Uvivu ni jibu la haraka na mara nyingi si la haki. Jibu la kweli liko kwenye vyuma vyenyewe. Katika vijimu vya mitaani vya Afrika Mashariki, vya uani na chini ya miembe, chuma hutengenezwa kwa bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Lita moja ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi. Makopo mawili ya lita 4 yanatoa takriban kilo 19, ukiongeza bomba ni zaidi kidogo. Hatua inayofuata, kwa aliye na ndoo za lita 20, ni kilo 96. Katikati hakuna kitu. Zege likishakauka, mzigo umepangwa, na ratiba inaganda pamoja nalo. Mwenye uwezo wa kulipia ukumbi wenye vyuma vya kiwandani huongeza kilo mbili na nusu kwa wiki bila kufikiri. Wa uani anabaki na idadi ileile kwa mwaka mzima, halafu anaambiwa hajitumi.

Anaweza kutoka kwenye mtego huo. Tafiti za Stuart Phillips na wenzake wa McMaster zimeonyesha kwamba uzito mwepesi, wa kurudia mara 20 hadi 25, hukuza misuli sawa na uzito mzito mradi seti ifike karibu na kushindwa. Kwa hiyo aliyezoea mara kumi aende kumi na tano, kisha ishirini, kisha ateremke kwa hesabu ya nne, kisha achuchumae kwa mguu mmoja. Na kifaa bora kuliko chuma cha zege kipo karibu kila nyumba: dumu la maji la lita 20. Lita moja ni kilo moja, na linajazwa kwa kikombe. Kwa kuvuta, kubeba na kuchuchumaa, dumu linampa mtu hatua ndogo ambazo zege lilimnyima.

Asiyetaka kuongeza naye ana haki yake, mradi ajue anachopata. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafundisha watu kwa wiki 16, mara tatu kwa wiki, kisha ukapunguza dozi kwa wiki 32. Wenye miaka 20 hadi 35 walitunza misuli yao kwa dozi ya moja ya tisa, yaani seti moja ya kila zoezi, siku moja kwa wiki. Kwa maneno mengine, kijana anayerudia kilekile siku saba ili abaki alipo anafanya kazi kubwa mno kwa lengo ambalo lingetimizwa Jumamosi moja asubuhi.

Wapo pia ambao mwili wao haujawahi kuwa na siku ya mapumziko. Mchukuzi wa sokoni anayeteremsha magunia ya lumbesa, mengine yakipita kilo 100, anafanya mazoezi ya mwili mzima tangu alfajiri. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 104,000 wa Copenhagen: kujishughulisha sana wakati wa mapumziko kuliendana na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na kifo, na kazi nzito ya ajira iliendana na hatari kubwa zaidi. Wapo wanaosema kinachoonekana hapo ni umaskini, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo maelezo mengine hayakwepeki: mchukuzi hachagui uzito, hachagui saa ya kuacha, na kesho yake haiwi nyepesi kwa sababu leo ilikuwa nzito. Kijana wa namna hii akija jimu jioni, anayemwambia apige mwili mzima kila siku kama wengine hakumwangalia.

Chakula na usingizi huamua mengi pia. Uchambuzi wa tafiti 49, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta faida ya protini katika mazoezi ya nguvu ikikoma kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Anayekunywa chai na andazi baada ya tizi hafiki. Na wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 2021 kwamba usiku mmoja tu bila usingizi hupunguza ujenzi wa protini ya misuli kwa asilimia 18. Anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili asikose siku hata moja amechagua vibaya cha kukosa.

Hofu ya kukosa siku yenyewe haina msingi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Mazoea yalichukua siku 66 kwa wastani wa kati, kuanzia 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuyavunja. Anayehitaji saa yake ya kila siku aitunze saa hiyo na abadilishe kilichomo: leo uzito mkubwa mara tano, kesho nusu ya uzito huo kwa mwendo wa taratibu, siku ya saba kutembea na kunyoosha viungo. Uzito anaoumudu ukishuka kwa wiki mbili mfululizo, apunguze seti.

Hatari moja haisubiri wiki mbili. Januari 2011, wachezaji 13 wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali baada ya kurudi likizo na kupewa zoezi la kuchuchumaa mara 100 kwa nusu ya uzito wao wa juu. Walipata rabdomayolisisi, hali ambayo misuli huvunjika kwa wingi na mabaki yake huziba figo. Dalili yake inayokumbukwa ni mkojo wa rangi ya strungi, pamoja na misuli kuvimba na kuishiwa nguvu. Mwenye dalili hizo hangoji kesho, anakwenda hospitali usiku huohuo. Wachezaji hao walikuwa wanamichezo wa kweli. Kilichowaponza ni kurudi na dozi kubwa kana kwamba hawakuwa wamepumzika, kosa ambalo mtu wa kila siku hulifanya kirahisi baada ya malaria au safari.

Kwa umri mkubwa hesabu inageuka. Katika utafiti uleule wa Alabama, watu wa miaka 60 hadi 75 walitunza nguvu zao kwa dozi ndogo, ila unene wa misuli haukubaki hata kwa theluthi ya dozi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wote kufanya mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi kuongeza mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili siku tatu au zaidi. Kwa hiyo mzee ndiye ratiba fupi ya kila siku inamfaa kuliko baunsa: kuinuka kitini mikono ikiwa kifuani mara nane, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kubeba dumu la lita tatu kila mkono kutoka jikoni hadi uani, kupumua bila kubana pumzi, na kumwona daktari kwanza kama ana shinikizo la damu. Mara nane zikiwa rahisi, kiti kinaondolewa na kuwekwa kigoda.